Nilivyolipima Vibaya Gari la Ndunge

Vijana, wengi wenu mnanijua kama yule mzee anayekaa kwenye benchi nje ya duka la vipuri, anayegeuza kichwa kila gari dogo lenye sauti kubwa likipita. Mkifika hapo mnakanyaga mafuta kidogo mkidhani mnanifurahisha. Mara nyingi mnanionyesha tu kwamba plagi moja haichomi. Sisemi kitu, kwa sababu fundi mstaafu akianza kutoa ushauri wa bure barabarani hatapumzika mpaka azikwe.

Kazi yangu hapa Machakos ilikuwa magari, zaidi ya miaka thelathini, na katika ile ya mwisho watu walinijua kwa jambo moja: kulinganisha. Mtu ana gari lake dogo la kasi, la kuvuta kwa magurudumu ya mbele. Mwenzake ana lake, la kampuni nyingine. Wamebishana tangu Ijumaa na sasa ni Jumapili, kanisa limeisha, wananiletea nikate kesi. Sitawaambia ni kampuni gani ilishinda gani. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinyimana salamu kwa ajili ya jambo hilo, na mimi bado napenda kualikwa harusini.

Nilifundishwa kazi hii na Mzee Nzioki, mtu mfupi aliyesema maneno machache na kuyasema yote kwa ukali. Kabla hajalinganisha gari na gari, alichukua tairi nne zilezile akazifunga kwenye la kwanza, akalipima, akazifungua, akazifunga kwenye la pili. Nusu siku inaisha kwa kufungua na kufunga nati. Watu walimcheka. Yeye alisema kwamba sehemu kubwa ya kile vijana wanachokiita injini ni tairi, na nimekuja kuona alikuwa sawa. Mtu ananunua tabo ya kusukuma hewa kwenye injini, anafunga ekzosi pana kama chimni ya kiwanda, halafu anatembea kwa tairi zilizokauka kama makoko. Nguvu yote inaishia kuchoma mpira.

Mwanzoni nilikuwa mkaidi. Siku moja nililinganisha magari mawili kwenye mlima wa Mua, na nikaruhusu kila mwenye gari aje na abiria wake wa kukaa kando yangu kushika saa. Wa kwanza alileta mdogo wake, kijana mwembamba. Wa pili alileta katekista wa kwao, mtu wa Mungu ambaye hakuwahi kukosa sherehe hata moja ya parokia, na ilionekana. Gari lililombeba katekista likaachwa mbali sana. Mwenye gari alikuwa ameshaanza kutafuta wa kumuuzia, ndipo Nzioki akaniuliza nani alikuwa amekaa wapi. Kuanzia siku hiyo abiria wangu alikuwa gunia la mchanga wa mtoni, lilelile kila mara, na mtu wa kushika saa akakaa nyuma, yeye yule kwa magari yote.

Kwa hiyo kanuni zilikuwa hizi. Dereva mmoja. Gunia moja. Mafuta nusu tangi. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi ikipata moto inadanganya. Barabara moja, na upande mmoja wa barabara hiyo. Kulinganisha ni kazi ya kuondoa: unaondoa kila kinachotofautiana mpaka libaki gari peke yake. Si kazi ngumu, ila inachosha, na mtu aliyechoka ndiye huanza kusema hiki kidogo hakina neno.

Sasa niwaambie juu ya haya magari ya kuvuta mbele, kwa sababu mnayaendesha bila kuyaelewa. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, ndiyo yanayopinda, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya breki. Ya nyuma yanafuata tu kama wageni wanaokwenda karamuni. Ukipanda mlima, uzito unarudi nyuma na mbele panakuwa pepesi, kwa hiyo gari lenye nguvu nyingi linaweza kuzungusha tairi bure huku lenye nguvu za kadiri likilipita taratibu. Ukikanyaga mafuta ghafla kwenye gari la tabo, usukani unavutwa mkononi mwako kama mbuzi anayekataa kamba. Na ukiingia kona kwa pupa, pua inakataa kupinda. Hapo kijana huongeza usukani. Usiongeze. Punguza mafuta polepole, pua itarudi yenyewe.

Nimesema polepole. Mimi niliwahi kuyaachilia mafuta yote kwa mara moja katikati ya kona, mkia ukatoka, nikateremka na gari la mtu hadi kwenye shamba la mbaazi na kubomoa ukuta wa matuta. Mama mwenye shamba alikuja akitembea bila haraka. Akanisalimu, akauliza habari za nyumbani, akauliza kama nimeumia. Niliposema sikuumia, alinipa jembe. Nililirudisha tuta lake hadi saa sita mchana, na alikuwa akinikagua.

Leo mna simu. Unaibandika kwenye kioo, inakuambia mwendo, sekunde, hata mita ulizotumia kusimama. Sisi tulipiga mistari ya chokaa barabarani na kupima kwa futi kamba. Siwaonei wivu wala siwalaumu. Simu ni nzuri kuliko saa yangu. Shida yake ni kwamba inapima unachoipa, hata ukiipa upuuzi.

Na hapa ndipo nafika kwa Ndunge.

Ndunge aliingia gereji yangu akiwa ametoka shule ya ufundi, akakaa nami miaka saba. Sitamsifu kupita kiasi, maana hapendi. Nitasema tu kwamba aliweza kusikia beringi inayoanza kufa kabla mwenye gari hajaisikia. Kwa jasho lake alijijengea gari dogo la bluu, lisilo na tabo, injini ya kupandisha mvumo juu sana, na ndani ya gia boksi akafunga difu ya kubana, ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure huku lingine likilala. Alilitengeneza jioni baada ya kazi kwa miaka miwili.

Kisha Mwanzia, mwenye gereji kubwa pale Kyumbi, akatangaza kwamba anafungua sehemu ya magari ya kasi na anataka fundi mmoja wa kuisimamia. Waliobaki mwishoni walikuwa wawili: Ndunge, na kijana anayeitwa Kioko kutoka Syokimau, aliyekuwa na gari jekundu la tabo. Mwanzia akasema kila mmoja alete gari alilolijenga, Mzee Musyoka, yaani mimi, ayapime, na mwenye gari bora apewe kazi. Akasema pia kwamba kitakachotangulia ni mvuto, kwa sababu wateja wake wanatafuta mvuto. Breki na kona zitafuata kama mvuto umelingana.

Kwa Ndunge lilikuwa jambo kubwa. Gereji nyingine zote alizokwenda zilitaka akae mezani apokee wateja, au aoshe vipuri. Shangazi yake wa Wamunyu alikuwa na karakana ya vinyago na alikuwa amemwita mara tatu akamsaidie. Ndunge aliniambia wazi kwamba kazi hii akiikosa, ataenda kupiga msasa vinyago na hatagusa spana tena. Hakuwa akitisha. Alikuwa amechoka kupanga foleni kwenye milango ya watu.

Nilipaswa kumwambia Mwanzia atafute mpimaji mwingine, kwa kuwa mmoja wa hao wawili nilimlea mimi. Sikusema. Niliona sifa. Nikajiahidi kwamba nitakuwa mkali kwa Ndunge ili mtu asiseme nampendelea, na nikaona kwamba huo ndio uadilifu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na ilikuwa pia siku ya ntheo ya mpwa wangu. Wasio Wakamba wajue kwamba ntheo ndiyo siku upande wa kijana unaleta mbuzi kwa kina msichana, na bila hao mbuzi hakuna ndoa, hata mngefungia kanisa gani. Mimi ndiye niliyekuwa mzee wa upande wetu. Saa nne simu ikalia: mbuzi wamefika, wazee wamekaa, mimi ndiye ninayengojewa. Nikasema nakuja saa hizi, nami nilikuwa bado sijawasha gari hata moja.

Tulikuwa kule Kituluni. Kila mtu wa Machakos anajua mahali pale ambapo barabara inahadaa macho. Wageni husimama, huweka gia huru, na gari linaonekana kupanda kilima lenyewe huku wakipiga picha. Hata maji ukiyamwaga yanaonekana kupanda. Tumekua nayo, hatushangai. Na kwa sababu tumekua nayo, kila mmoja wetu anaamini anajua inapoanzia na inapoishia. Mimi nilikuwa nimechagua kipande kilicho mbele zaidi, kilichonyooka na kisicho na magari mengi. Kwa macho yangu kilikuwa tambarare kama meza.

Nilianza na gari la Kioko, nikitoka upande wa mjini kwenda mbele. Mwanzia alikaa nyuma na simu yake. Gia ya tatu, kutoka arobaini hadi tisini, mara tatu, kisha breki kutoka themanini hadi kusimama. Tulipomaliza tulikuwa mwisho wa kipande, na Ndunge alikuwa ananingoja palepale na gari lake. Kanuni ilitaka turudi na la bluu hadi mwanzo, tugeuze, tuanze upya, na kila safari iwe hivyohivyo. Simu ikalia tena. Nikahamisha gunia la mchanga, nikaingia kwenye gari la Ndunge, na nikalipima nikirudi mjini. Barabara ni tambarare, nikajiambia. Tofauti iko wapi?

Gari la bluu lilikuwa zito. Nililisikia kwenye mguu, linakula mafuta na halisogei kama nilivyotarajia. Sekunde nzima nyuma ya lile jekundu. Kwenye breki likasimama karibu hatua mbili mapema kuliko la Kioko, na hilo lilinishtua kidogo, lakini nikakumbuka kwamba tairi za Ndunge zilikuwa mpya zaidi. Siku hiyo sikubadilisha tairi pia. Nikaandika kila kitu kwenye karatasi, nikamwambia Mwanzia kwamba kwa mvuto Kioko ameshinda waziwazi, na kwamba hakuna haja ya kwenda kwenye kona. Ndunge alisimama kando ya barabara akiwa amefunga mikono kifuani. Nilimwambia ajikaze, kisha nikaenda kula nyama ya mbuzi. Nilikula vizuri.

Jumatatu asubuhi alikuja nyumbani kwangu, akaomba ile karatasi. Akaisoma akiwa amesimama. Nilitegemea abishane juu ya mvuto, na nilikuwa nimeshaandaa majibu.

"Hii ya breki si yangu," akasema.

Nikamwambia hiyo ndiyo ilikuwa nzuri, ashukuru.

"Mzee, hii gari naijua. Nimeisimamisha mara mia. Haijawahi kusimama mapema hivi, hata na hizi tairi. Ilikuwa inapanda."

Nilikasirika, nakiri. Nikamuuliza kama anataka kunifundisha barabara za Machakos. Alikuwa amekuja na ubao mrefu ulionyooka na pimamaji ya mjomba wake, fundi wa kujenga, na aliniomba tu twende wote. Nikaenda nikiwa nimenuna, ili nimwonyeshe.

Aliulaza ubao kwenye lami, akaweka pimamaji juu yake, akasimama kando ili nisome mwenyewe. Lile povu dogo lilikuwa limekimbilia upande wa mjini, na povu hukimbilia palipo juu. Nikageuza pimamaji nikidhani ni mbovu. Povu likarudi upande uleule. Tukasogea hatua hamsini, tukarudia, na tena hatua hamsini. Kote ilikuwa hivyo. Lile jekundu nililipima likiteremka, na la bluu nililipima likipanda, kwenye barabara ambayo macho yangu yalikuwa yanaapa ni tambarare. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nioe. Mtoto wa Machakos, fundi wa miaka thelathini, nimehadaiwa na mahali ambapo hata watalii wameonywa.

Tulikwenda moja kwa moja hadi Kyumbi. Nilimweleza Mwanzia kila kitu mbele ya mafundi wake, Kioko akiwemo, tayari amevaa ovaroli mpya. Kioko hakusema neno baya. Alisema kama ni kupima tena, yeye yuko tayari, na akaenda kutoa gari lake. Alasiri hiyo tulipima tena, kule chini kwenye barabara ya kuelekea Konza, baada ya pimamaji kutupa ruhusa. Tairi zilezile nne kwa magari yote mawili, upande mmoja, halafu upande wa pili, yote mawili. Kwa mvuto hayakutofautiana kitu cha maana. Kwa breki pia. Kwenye kona, tabo ya Kioko ilikuwa ikizungusha gurudumu la ndani bure, na gari la Ndunge lilitoka kwenye kona kana kwamba limefungwa kwenye reli. Kwa masharti ya Mwanzia mwenyewe, kazi ilikuwa ya Ndunge.

Mwanzia alikuna kidevu.

"Mzee, mimi niko na neno moja tu," akasema. "Kijana nimeshamwandika. Wateja wameshamwona. Nitamtoa niwaambie nini, ati kuna pimamaji?"

Nilimbembeleza. Nilimwambia aajiri wote wawili, akasema nafasi ni moja. Nilimwambia kosa ni langu na jina langu lichafuke, akasema jina langu halimsaidii kitu. Ndunge hakungoja tumalize. Aliweka ubao wa mjomba kwenye gari lake, akaniuliza kama nahitaji lifti hadi mjini. Njia nzima tuliongea habari za mvua.

Baada ya mwezi mmoja nilisikia kwamba yuko Wamunyu. Nikajipa miezi miwili ya kutafuta sababu za kutokwenda, kisha nikaenda. Nilimkuta karakanani amejaa vumbi la mbao, akimpiga msasa twiga mrefu kuliko yeye. Gari la bluu lilikuwa nyuma ya karakana, limefunikwa turubai. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti na chai ya maziwa, akauliza hali ya magoti yangu. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Machakos. Nilieleza juu ya ntheo, juu ya simu iliyokuwa ikilia, juu ya macho na ile barabara.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kumpiga msasa yule twiga.

"Barabara inaweza kuhadaa mtu yeyote, Mzee. Hiyo nilishakusamehe," akasema. "Lakini gari langu lilipovuta vibaya, uliamini palepale. Liliposimama vizuri, ukatafuta sababu. Na wewe ndiye uliyenifundisha."

Nilimaliza chai kwa sababu ilikuwa adabu kuimaliza. Jioni nilirudi Machakos, na tangu hapo sijapima gari la mtu.